Rejista, Kiboko na Mtoto Anayetoroka: Maswali kutoka Kitui na Makueni

Maswali haya yameletwa na walimu wa vitengo maalumu, walezi wa mabweni na wazazi wa kaunti za Kitui na Makueni. Nimeyafupisha na kuondoa kila jambo linaloweza kumtambulisha mtoto. Karibu yote yalikuja kwa sura mbili: kuna mtoto anayesumbua darasani, na kuna mtoto asiyekuja. Wanaouliza huyaona kama mambo mawili. Mimi, katika kufundisha na kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, nimeyaona yakitembea pamoja. Anayepindua madawati muhula huu ndiye atakayeambiwa "kaa nyumbani kwanza", na muhula ujao jina lake kwenye rejista halina alama hata moja ya kuhudhuria.

Mvulana wa miaka 11 katika kitengo chetu ana usonji. Anauma wenzake na kupindua madawati. Nimemrudisha nyumbani mara kadhaa, lakini kila akirudi anazidi. (Mwalimu, Ikutha)

Mwalimu mwenzangu, huenda kumrudisha nyumbani ndiko kunakomfunza kuuma. Jiweke mahali pake. Kelele zimemzidi au somo limemshinda, anauma, muda si muda yuko njiani kwenda nyumbani, ambako hakuna somo wala kelele. Wewe unadhani umetoa adhabu, yeye amepata likizo.

Kabla ya kubadili chochote, chukua daftari uchore safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika siku na saa. Usiandike "alikuwa mkorofi". Andika kile ambacho hata mpita njia aliyechungulia dirishani angekiona. Kwa mfano: "Jumanne, saa saba kasorobo. Nimewaambia wapange foleni ya chakula. Amemuuma mkononi aliye mbele yake. Nimemtoa kwenye foleni, amepewa chakula kwanza, amekula peke yake chini ya mwarobaini." Ukikusanya maandishi kama hayo kwa wiki mbili, mara nyingi jambo lile lile litajitokeza tena na tena: foleni, msongamano, kisha chakula mahali penye utulivu. Hapo unajua kwamba mtoto huyu hagombani na shule nzima. Anagombana na foleni.

Sababu za tabia ngumu si nyingi kama tunavyodhani. Mtoto anakwepa kitu, anatafuta kitu, anataka watu wamtazame, au mwili wake wenyewe unadai au kukataa hisia fulani. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtoto akifundishwa njia rahisi ya kuomba kile alichokuwa akikipata kwa vurugu, vurugu hupungua. Huhitaji vifaa vya bei kwa hilo. Kata kipande cha katoni, chora mtu aliyeketi chini ya mti, kitundike pale mkono wake unapofika. Akikigusa, anatoka dakika tano bila kuulizwa. Siku za mwanzo mshike mkono mkiguse pamoja kabla hajafikia kuuma. Atakitumia kupita kiasi, mwache. Heri atoke mara kumi kwa kadi kuliko mara moja kwa meno.

Ujue pia kwamba njia yake ya zamani ikianza kufungwa, huenda akaijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Walimu wengi hukata tamaa hapo hapo. Na mvua kubwa ikipiga mabati katika chumba kisicho na dari, usianze kumlaumu mama yake kwa malezi. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, kelele ile ni maumivu hasa. Mpeleke kwenye kona iliyo mbali na ukingo wa paa, mwache azibe masikio, na usahau hesabu za siku hiyo.

Wazazi wenyewe wanatuambia tuchape, wengine wanakuja na fimbo mkononi. Bila kiboko tutawezaje? (Mwalimu, Mbooni)

Kuna wanaosema marufuku ya kiboko ni mambo ya Wazungu. Waziri wa Elimu aliyekifuta shuleni mwaka 2001 ni Kalonzo Musyoka, mwana wa Tseikuru hapa hapa Kitui. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inatoa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayempiga mwanafunzi au kumtesa kiakili. Fimbo iliyoletwa na mzazi haikuondolei kosa.

Lakini tuseme sheria isingekuwepo. Kiboko kinamtaka mtoto aunganishe maumivu ya sasa na jambo alilolifanya dakika kadhaa zilizopita, kisha ajue mwenyewe ni kitu gani kingine alipaswa kufanya. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hawezi kuunganisha hayo kwa urahisi. Anachokihifadhi ni sura ya aliyempiga. Asubuhi ambayo mwalimu huyo yuko zamu langoni, mtoto anakatia kichakani, nasi tunaandika "mtoro".

Mzazi akija na fimbo, mpe kiti. Muulize ni kazi gani inayomtuliza mtoto huyu nyumbani. Swali hilo limewahi kunipa habari ambayo fomu zote za tathmini hazikunipa: mvulana asiyetulia hata kidogo darasani alikuwa akiweza kukaa na ungo akitoa mawe kwenye ndengu hadi kibaba kiishe. Ungo uliletwa darasani. Akawa anachambua ndengu kwanza, kisha anasoma kwa muda mfupi, kisha anarudi kwenye ungo. Hesabu zake za kwanza alizifanya kwa ndengu hizo hizo.

Mjukuu wangu ana miaka tisa, haongei na hukimbia ovyo. Mama yake anafanya kazi Nairobi. Nikienda kuchota maji humfunga kamba chini ya mwembe kwa sababu barabara iko karibu. Mwalimu anasema ataniitia chifu. (Nyanya, Kyuso)

Nyanya, asante kwa kusema ukweli ambao wengi huuficha. Umemfunga ili asigongwe na gari; hilo nimelielewa. Hata hivyo kamba lazima iondoke. Inamchubua, inamnyima kutembea, na likitokea la kutokea hawezi kujiokoa. Watu wa mwethya wanaolimiana mashamba wanaweza kukujengea ua wa miti wenye lango refu kwa asubuhi moja. Waombe. Na ukienda kuchota maji pamoja naye, mpe mtungi wake mdogo abebe, au ashike kamba ya punda. Baadhi ya watoto wanaokimbia ovyo hutulia wakiwa na kitu kizito mikononi.

La pili ni kumpeleka akakaguliwe. Vituo vya tathmini ya elimu, vile watu wanavyoviita EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, au mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, atakuelekeza kilipo. Beba kadi yake ya kliniki. Waambie waanze na masikio, maana mtoto asiyeongea huenda hasikii, na wako watoto walioitwa wapumbavu miaka mingi kumbe ni viziwi. Baada ya hapo mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomlea mtu mwenye ulemavu mkali. Si kila anayestahili hupata nafasi, lakini asiyeandikishwa hapati kabisa.

Nawe mwalimu unayetaka kumwita chifu: ni kweli mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anavunja Sheria ya Elimu ya Msingi. Sheria hiyo hiyo inaikataza shule ya umma kumbagua mtoto kwa ajili ya ulemavu wake. Nenda kwa nyanya huyu ukiwa umekwisha kumwekea mtoto dawati.

Mahudhurio ya kitengo chetu yako chini mno. Nimewaandikia wazazi barua, hakuna aliyejibu. (Mwalimu mkuu, Kibwezi)

Acha kwanza asilimia ya mwezi, kwa sababu haikuambii lolote la kufanyia kazi. Chukua rejista uisome kwa kushuka, safu ya siku moja kwa wakati mmoja, kisha usome mstari wa mtoto mmoja kwa muhula mzima. Sheria ya 2013 inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mtoto hayupo kabla ya kumwandikia mzazi ilani, na uchunguzi wenyewe unaanzia hapo.

Huenda ukaona siku ya soko imetoboka. Siku hiyo mama anaondoka alfajiri na mwanabodaboda anayembeba mtoto ana wateja wanaolipa zaidi. Hilo linatengenezwa na maelewano na mtu wa boda, pengine kumlipa kwa wiki badala ya kwa safari. Barua kwa mzazi haitalifikia.

Huenda ukaona msichana anayekosa siku nne au tano kila mwezi, kwa mpangilio. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe walio katika shule za umma. Lakini kwa msichana mwenye ulemavu wa akili pakiti haitoshi. Anahitaji kufundishwa hatua kwa hatua, miezi kadhaa mapema, kwa chupi halisi na maji yaliyotiwa rangi nyekundu: kuibandika sodo, kuitoa, kuikunja, kuitupa, kunawa. Anahitaji mlango wa choo unaofungika. Na anahitaji mwalimu wa kike anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayehusika, kwani kazi ya wote huwa si ya yeyote.

Kuna mtoto wa kiti cha magurudumu ambaye hakuja wiki nzima. Nenda ukaitazame njia anayopita. Miiba ya migunga haichagui tairi, na fundi wa baiskeli anayeweza kuiziba yuko sokoni, labda kilomita sita kutoka kwao. Shule ikinunua vibandiko na gundi na kumfundisha kaka yake kuziba, utampata mtoto siku inayofuata.

Halafu kuna muhula wa tatu. Huku kwetu Ukambani tunategemea sana mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo muhula huo unaangukia mwisho wa kiangazi, ghala likiwa limepungua na maji yakiwa mbali. Kitengo chenye chungu cha muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) motoni kila adhuhuri hakipungukiwi na watoto kama kile kisichokuwa nacho. Ukiwa na shilingi za kuchagulia kati ya mabango ukutani na maharagwe, nunua maharagwe.

Kuhusu barua, walezi wengi wa watoto hawa ni wazee ambao humngoja mtu awasomee, tena barua ya shule wanaijua kuwa ni ya kudai pesa. Piga simu siku ile ile ya kwanza mtoto anapokosekana, kabla ya saa nne asubuhi, useme tu kwamba mmemkosa na mnauliza yu hali gani. Usitaje karo wala sheria. Ukingoja siku ya tano, nyumbani wameshazoea kuwa naye na kumpa kazi.

Mtoto kiziwi aliyeletwa muhula huu huanza kupiga wenzake usiku bwenini. Mchana ni mpole. (Mlezi wa bweni)

Taa zikizimwa mtoto kiziwi haoni mikono wala nyuso, kwa hivyo lugha yote imeondoka chumbani. Akiguswa gizani hajui ni rafiki, ni mwizi au ni ndoto. Huyu mgeni pengine alifika kwenu hana Lugha ya Alama ya Kenya hata kidogo, zaidi ya ishara chache za nyumbani.

Wekeni taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Kitanda chake kiwe karibu na ukuta, ili mtu asimjie kutoka nyuma. Mkubaliane bweni zima kwamba mtu akitaka kumwamsha mwenziwe anatikisa kitanda, hamshiki mwili. Mtafutie mwanafunzi mkubwa mmoja mwenye subira wa kumfundisha alama za usiku: choo, maji, naumwa, naogopa. Tena chunguza, taratibu na bila kumtisha, kama kuna anayemwonea au kumshika vibaya gizani. Mlezi asipuuze uwezekano huo hata siku moja, na akigundua jambo aripoti, asilimalize na wazazi kwa kikao.

Mwanangu ana kifafa na anatumia fenobabitoni. Analala darasani na mwalimu anamwita mvivu. Nimpunguzie dawa? (Mama, Emali)

Hapana, Mama. Usipunguze wala kusimamisha dawa ya kifafa kwa uamuzi wako. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege refu la hatari. Dawa hiyo huleta usingizi, na huwafanya baadhi ya watoto wasitulie na wawe wepesi wa hasira, jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mwombe mwalimu aandike saa ambazo mtoto analala, uende na karatasi hiyo kliniki, mhudumu aangalie kipimo na saa za kumeza. Mwalimu naye ampangie masomo mazito saa ambazo yuko macho. Uvivu tuuondoe kwenye mazungumzo haya.

Msichana wa shule yetu amejifungua. Anaruhusiwa kurudi? (Mwalimu, Kathonzweni)

Anaruhusiwa, na si hisani ya mwalimu mkuu. Miongozo ya kitaifa ya mwaka 2020 kuhusu kurudi shuleni inasema hivyo, na haikubagua wenye ulemavu. Kwa msichana mwenye ulemavu wa akili au kiziwi, ongeza swali moja ambalo shule huliogopa: ni nani aliyempa mimba, na je, mtu huyo bado yuko kwenye njia anayopita kwenda shuleni? Akirudishwa bila swali hilo kujibiwa, atatoroka tena, na atakuwa na sababu nzuri ya kutoroka.

Tunawapa pipi wakitulia na kuwanyima chakula cha mchana wakisumbua. Kuna ubaya? (Msaidizi wa darasa)

Pipi sina ugomvi nayo sana, ingawa huchosha mfuko na meno. Chakula cha mchana usikiguse. Kwa mtoto ambaye huenda hicho ndicho chakula chake cha siku, umemwadhibu kwa njaa, na mtoto mwenye njaa atasumbua zaidi saa nane. Tafuta anachokipenda yeye, si unachodhani watoto wote hupenda: kupiga kengele ya shule, kumwagilia miche, kukaa kwenye kiti cha mwalimu, kutembea hadi jikoni kuuliza muthokoi umefika wapi. Umpe papo hapo, ukimwambia au kumwonyesha kwa alama ni kwa sababu gani. Sifa ya jumla ya Ijumaa jioni haimfikii mtoto anayeishi kwa dakika.

Nina kijana wa miaka 16 aliye na watoto wa gredi ya tatu. Anatoroka kila siku na akiwepo anavuruga. Nitajuaje kwamba hapa si mahali pake? (Mwalimu, Mwingi)

Nadhani yeye amekwisha kukujibu. Kijana mwenye ndevu anayewekwa kwenye dawati la mtoto wa miaka tisa akiimba silabi lazima atafute mlango. Mtaala wa umilisi umewatengea wanafunzi kama yeye njia inayofuata hatua badala ya umri, kutoka misingi hadi maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe. Shida ni kwamba shule nyingi huiandika kwenye faili na kumwacha kijana alipokuwa.

Itisha kikao cha mpango wake binafsi wa elimu. Awepo mzazi, awepo afisa wa EARC akipatikana, na kijana mwenyewe awepo, si kuzungumziwa akiwa nje. Mwonyesheni picha au vifaa halisi: jembe la bustani, sindano ya kushonea viatu, brashi ya rangi, mzinga wa nyuki. Muone mkono wake unakwenda wapi. Katika kaunti hizi mbili kuna maembe na machungwa ya kutunza, nyuki, kuku, ususi wa vyondo na uchongaji. Si lazima kila kijana mwenye ulemavu apelekwe kwenye ushonaji kwa sababu tu cherehani ndiyo iliyopo. Abaki na somo moja au mawili ya darasani yanayoingia kwenye kazi hiyo, kama kuhesabu pesa, kusoma saa na kuandika jina lake na namba ya simu ya nyumbani.

Andikeni ni nani atakayemfundisha, siku gani, saa ngapi, na ni nani atakayempigia mzazi simu asipofika. Msiandike malengo kumi. Mawili yanatosha kwa muhula mmoja. Na kabla hamjainuka kwenye viti, wekeni tarehe ya kukutana tena.